Kwa nini Optimus Prime ana kiti cha rubani na hana rubani? Uzi wa maroboti ya Kijapani, midoli yake na magonjwa yake

#1 Zinki74 (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila filamu ya Transformers ikitoka ubishi ni ule ule: roboti kubwa ni ya Mmarekani au ya Mjapani? Na kila mara tunabishana kwa kutaja filamu. Mimi nasema shika mdoli wenyewe, ugeuze chini juu, fungua vifuniko. Jibu limo ndani.

Mchukue Starscream wa 1984, ndege ya F-15. Kioo cha rubani kinafunguka, ndani kuna kiti. Trela la Optimus Prime lina mtambo wenye mkono, na mtambo huo una kijumba cha kukaa mtu. Lakini kwenye hadithi hawa ni viumbe hai wa sayari ya Cybertron, hakuna anayewaendesha. Sasa viti ni vya nani?

Ni vya watu wa Takara. Kampuni hiyo ya Tokyo ilianza kuuza Diaclone mwaka 1980: vijitu vya takriban sentimita 3, vina sumaku kwenye nyayo, kazi yao kukaa ndani ya mashine. Mwaka 1982 yakaja magari ya kawaida ya barabarani yanayogeuka roboti, kwa kipimo cha 1/60 hivi, na baadaye lori jekundu lililoitwa Battle Convoy, ndiye Optimus Prime wa baadaye. Hasbro ya Marekani wakaiona mali hiyo kwenye maonyesho ya midoli ya Tokyo mwaka 1983, wakachukua haki ya kuiuza, na vijitu wakaviacha. Kalibu za chuma ni ghali mno, huwezi kuzichonga upya kwa sababu ya kiti. Viti vikabaki.

Uhai wa kwenye hadithi ulitoka Marvel, kampuni ya Marekani ya vitabu vya katuni. Mwandishi Bob Budiansky alitoa majina mengi na wasifu wa kila mhusika. Jina la Megatron liliwatia Hasbro wasiwasi, lilisikika kama megatani za bomu la nyuklia. Halafu katuni ikaandikwa Marekani na kuchorwa Japani, kwa studio ya Toei. Ukihesabu: umbo la Mjapani, jina la Mmarekani, mkono wa kuchora wa Mjapani tena.

Hoja yangu ni kwamba roboti hizi ziliandikwa na mdoli kwanza, mwandishi akaja baadaye kutafuta sababu. Shusheni nondo, na nikosoeni.

#2 FundiSkrubu

Mleta mada umeanza vizuri ila umeacha nusu ya pili. Si midoli yote ya mwanzo ilitoka Diaclone. Kundi lingine lilitoka Microman, mfululizo wa Takara ulioanza 1974, na hasa tawi lake la 1983 lililoitwa Micro Change. Falsafa yake ni tofauti kabisa. Diaclone ni mashine kubwa iliyopunguzwa. Micro Change ni kitu cha nyumbani kwa ukubwa wake halisi kinachogeuka roboti ndogo: bastola, kinasa sauti, kamera, hadubini.

Hapo ndipo unapoelewa kituko cha ukubwa kwenye katuni. Megatron ni bastola ya Walther P38 iliyotengenezwa kwa ukubwa wa bastola ya kweli. Soundwave ni kicheza kaseti, na wale wanyama wake ni kaseti ndogo za kipimo cha kaseti ndogo halisi. Kwenye rafu ya duka walikaa pamoja na magari ya 1/60. Mwandishi akalazimika kusema Megatron "anasinyaa" akigeuka bastola, hadi Starscream anamshika mkononi. Watu wanalicheka hilo kama uzembe wa waandishi. Si uzembe, ni rafu moja iliyobeba vipimo viwili.

Na Bumblebee je? Ukimwangalia, ile Volkswagen yake imebonyea, fupi na nene kama imekanyagwa. Kwenye Micro Change alikuwa *gari la kuchezea* linalogeuka roboti, lile umbo la vigari vya Choro-Q ambavyo Takara hao hao waliviuza. Ni mdoli wa mdoli. Ndiyo maana hana kiti.

#3 Kisu_Butu

Nondo nzito. Swali: Jetfire kwenye boksi ni ndege nyembamba kama F-14, kwenye katuni anaitwa Skyfire na sura haifanani hata kidogo. Nani alikosea?

#4 Zinki74

Hakuna aliyekosea, walikwepa kesi.

Hasbro walikuwa na njaa ya midoli, Takara pekee haikuwatosha, wakaenda kwa kampuni nyingine. Jetfire ni VF-1S, ndege-roboti ya anime (katuni ya Kijapani) ya Macross (1982), kazi ya mbunifu Shoji Kawamori, imetengenezwa na Takatoku kwa kipimo cha 1/55. Takatoku ilifilisika 1984 na kalibu zikaishia kwa Bandai, mshindani mkubwa wa Takara. Sasa fikiria Takara auze Japani mdoli wenye asili ya Bandai! Hawakumtoa kabisa kule, na katuni ikabidi imchore upya na kumpa jina jingine. Nakala za mwanzo za Jetfire bado zilikuwa na alama ya jeshi la Macross kwenye bawa.

Wengine wa kuokotwa: Whirl na Roadbuster walitoka Takatoku pia, kwenye mfululizo wa Dorvack. Shockwave alitoka ToyCo, Omega Supreme na Sky Lynx walitoka Toybox. Ukiwaona hawafanani mtindo na wenzao, macho yako hayakudanganyi.

Hadi hadithi ilikufa kwa amri ya rafu. Filamu ya katuni ya 1986 iliwaua Optimus Prime na wengi wa kundi la 1984 kwa sababu midoli mipya ilikuwa imeshafika dukani na nafasi ilihitajika.

#5 MwanaKalibu

Naomba niwarudishe nyuma, maana mmeanzia katikati.

Tetsujin 28 ya Mitsuteru Yokoyama, manga (kitabu cha katuni cha Kijapani) ya 1956: roboti inaendeshwa kwa rimoti iliyo mkononi mwa mtoto. Anayeshika rimoti ndiye bwana wa roboti, mwema au mwizi. Mwaka 1972 Go Nagai akaleta Mazinger Z na kubadilisha jambo moja: mtu anaingia ndani. Nagai amesimulia kwamba wazo lilimjia akitazama foleni ya magari, akafikiria gari linaloota miguu na kuruka wenzake. Dereva anaingia na kijichombo kinachotua kichwani mwa roboti. Kuanzia hapo roboti kubwa ikawa *gari*, na gari linauzika kuliko mtumishi.

Muuzaji alikuwa Popy, tawi la Bandai. Bidhaa mbili ndizo zilizoweka msingi:

Jumbo Machinder, 1973. Urefu takriban sentimita 60, polithini iliyopulizwa kwenye kalibu, malighafi ile ile ya chupa za shampuu. Ni nyepesi, haivunjiki ikidondoka, lakini polithini haishiki gundi wala rangi. Ndiyo maana mapambo yake yote ni stika, na ndiyo maana leo nyingi mnaziona zimebaki uchi.

Chogokin, 1974. Jina lenyewe ni la ile madini ya kubuni iliyomjenga Mazinger kwenye hadithi. Popy wakalihamishia kwenye aloi ya zinki. Urefu kama sentimita 12, ukiishika ni nzito kama kufuli, na ngumi inafyatuka kwa springi ukibonyeza kitufe. Uzito ule ndio uliouza. Mtoto aliambiwa kwenye runinga kwamba roboti imejengwa kwa madini ya ajabu, akaenda dukani akaipima kwa mkono wake.

Halafu kuna somo la kuungana. Getter Robo ya 1974 ilikuwa na ndege tatu zinazoungana kwa mipangilio mitatu kutoa roboti tatu tofauti. Kwenye karatasi inapendeza, chuma kinavutika kama ugali. Kwa mdoli haiwezekani, kwa sababu mikono na vichwa vinatokea pasipokuwa na nafasi. Popy walijifunza. Combattler V (1976) ilibuniwa ili vyombo vyake vitano viungane kwa kweli mkononi mwa mtoto, na Katsushi Murakami wa Popy alikuwa katikati ya kazi hiyo. Kimoja kichwa, kimoja kifua na mikono, kimoja kiwiliwili, kimoja miguu, kimoja nyayo. Ukiwa na kimoja, umeshaingia mtegoni, vinabaki vinne.

Sanaa ya hadithi ikafuata mkondo huo: watu watano, rangi tano, tabia tano, na kila kipindi dakika ya kuungana inayorudiwa na mchoro ule ule ili kuokoa gharama. Voltron, Power Rangers, wote wamekunywa kisima hicho.

#6 yakhe_maskati

Yakhe, mnataja Marekani tu kama vile dunia imeishia Atlantiki. Huku Ghuba mambo ya Optimus yalikuja baadaye. Aliyetangulia ni Grendizer.

UFO Robo Grendizer ni kazi ya Go Nagai na Toei, 1975 hadi 1977, vipindi 74. Ilitiwa sauti za Kiarabu Lebanon, Kiarabu fasaha cha kitabuni, na wimbo wake uliimbwa na Sami Clark. Mswahili wa Muscat wa rika lile ukimwambia "roboti" anakujibu "Grendizer" kabla hujamaliza. Ufaransa ndiyo hiyo hiyo iliyoonyeshwa kuanzia Julai 1978 kwa jina la Goldorak. Na huko Riyadh wamesimamisha sanamu lake la chuma lenye urefu wa mita 33.7, refu kuliko Grendizer mwenyewe wa kwenye hadithi, ambaye ana mita 30.

Kimdoli, Grendizer ana ujanja wake: anavaa chombo cha duara kama sahani, anatoka na kuingia. Kwa hiyo boksi moja lina bidhaa mbili, roboti na chombo. Anayeuza kimoja kimoja anakuacha na njaa. Ukinunua cha zamani, angalia kwanza kama pembe za kichwani ni zake. Ndizo zinazopotea mwanzo.

#7 Pinzani_wa_Hoja

Nakukosoa mleta mada. Sheria yako inakwama kwa Gundam.

Mobile Suit Gundam ilianza Aprili 1979, mwongozaji Yoshiyuki Tomino, studio Sunrise, mbunifu wa mashine Kunio Okawara. Mfadhili alikuwa Clover, kampuni ya midoli. Midoli haikuuzika, watazamaji walikuwa wachache, kipindi kikakatwa kutoka 52 hadi 43 na kuisha Januari 1980. Kama mdoli ndiye mwandishi, Gundam ingekufa pale.

Kilichoiokoa ni hadithi. Roboti pale si shujaa, ni silaha ya jeshi. Inaishiwa risasi, inahitaji fundi, adui ana mtambo wa kuzalisha nyingi zinazofanana. RX-78-2 ina urefu wa mita 18 na uzito wa tani 43.4 ikiwa tupu. Wasomaji wakubwa, wa sekondari na chuo, walitaka kitu kinachofanana na vifaru vya plastiki walivyozoea kuunganisha. Bandai wakaliona hilo, wakatoa kiti (yaani "kit", boksi la vipande vya kuunganisha mwenyewe, si kiti cha kukalia) ya 1/144 Julai 1980 kwa yeni 300. Hakuna springi wala ngumi ya kufyatuka. Ni plastiki ya kukata na kuganda. Clover wenyewe walifilisika 1983.

Ushahidi mwingine: G-Armor, kile chombo kikubwa cha kuivika Gundam, kiliingizwa kwa ajili ya kuuza midoli. Tomino alipotengeneza filamu za 1981 na 1982 alikitoa, akaweka ndege ndogo ya Core Booster badala yake. Mwandishi alishinda.

#8 Zinki74

Hapo nimeguswa, nakubali nusu. Nusu ninayobaki nayo: angalia *kwa nini* mashine yenyewe ina sehemu za kuchomoka. Kifua cha Gundam kinachomoka kuwa ndege ndogo, mwili unagawanyika juu na chini. Jeshi gani lingetaka bawaba na maungio ya ziada katikati ya tumbo la mashine ya vita? Hiyo ni akili ya duka la midoli. Na zile rangi nyekundu, buluu na njano kwenye silaha ya kujificha angani?

Kwa hiyo tuseme hivi: kabla ya 1980 hadithi ilifuata mdoli wa chuma, baada ya 1980 ikaanza kufuata kiti ya plastiki. Kiti ya plastiki inaruhusu hadithi ya vita kwa sababu mnunuzi anataka aina ishirini za adui, si shujaa mmoja mzito.

#9 Kisu_Butu

Na Power Rangers? Ile nayo si ya Wamarekani?

#10 Pinzani_wa_Hoja

Nyuso bila kofia ni za Marekani (1993). Mapigano ya roboti yalikatwa kutoka Zyuranger ya Toei ya 1992, moja ya vipindi vya Super Sentai, mfululizo wa Kijapani wa vikosi vya rangi rangi. Wanapovaa kofia, humjui nani yumo ndani, na hapo ndipo mkanda wa Japani unaingia.

Ila hapa kuna jambo la kuchekesha. Toei walikuwa na mkataba na Marvel, mwaka 1978 wakatengeneza Spider-Man yao ya runinga. Wakampa roboti kubwa, Leopardon, kwa sababu Spider-Man peke yake hana cha kuuza kwenye rafu ya chogokin. Ikauzika. Mwaka uliofuata Battle Fever J ikachukua wazo hilo, na vikosi vyote vya Super Sentai vilivyofuata vikawa na roboti. Kwa hiyo babu wa Megazord, roboti kubwa ya Power Rangers, ni Spider-Man. Mshangae Mmarekani anayejidai hahusiki, na Mjapani anayejidai alifanya peke yake.

Mfano wa pili wa haki kugongana: mchezo wa mezani wa BattleTech ulitoka 1984 ukiitwa Battledroids, jina likabadilishwa kwa sababu neno "droid" lina mwenyewe, kampuni ya George Lucas. Mashine zake maarufu, Warhammer, Marauder na wengineo, zilikuwa michoro ya Macross iliyonunuliwa kwa njia ya muagizaji wa midoli ya kiti. Harmony Gold, kampuni ya Marekani, waliounganisha Macross na anime mbili zisizohusiana kuwa Robotech (1985, vipindi 85, kwa kuwa vituo vya Marekani vilihitaji angalau 65 na Macross ilikuwa na 36 tu), wakaja kudai. Kesi ikaisha katikati ya miaka ya 1990 kwa picha hizo kuondolewa vitabuni. Wachezaji wakaziita "Zisizoonekana". Kanuni zilibaki, sura zikafutwa.

#11 DadaPlaizi

Historia imeshiba, tushuke kwenye meza ya kazi. Wengi wanaouliza kuhusu gunpla (zile kiti za plastiki za Gundam) wanaanza na boksi kubwa na kuishia kulitupa chini ya kitanda.

Vipimo kwanza. Roboti ya mita 18: kwa 1/144 inakuwa sentimita 12.5, kwa 1/100 ni 18, kwa 1/60 ni 30. Madaraja ya Bandai: HG (High Grade, tangu 1990) na RG (Real Grade, tangu 2010) ni 1/144, MG (Master Grade, tangu 1995) ni 1/100, PG (Perfect Grade) ni 1/60. RG ni ndogo kwa umbo lakini ina vipande vidogo sana, si ya mwanzo. Anza na Entry Grade ya RX-78-2 iliyotoka 2020: vipande vinachomoka kwa vidole, haitaki gundi wala koleo. Ikikunogea, nenda HG.

Kukata ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Kipande kimeshikwa kwenye fremu kwa vishina. Usikate mara moja ukigusa kipande. Kata kwanza ukiacha shina la milimita 3 hivi, kipande kikiwa huru kata tena ukiacha nusu milimita, upande bapa wa koleo ukiangalia kipande. Kilichobaki parua kwa kisu kidogo kidogo, halafu msasa wa maji namba 400, 600, 800, 1000. Ukikata mara moja, mkazo wa koleo unaingia ndani ya plastiki na kuacha doa jeupe. Doa hilo si uchafu, ni nyufa ndogo mno zinazotawanya mwanga, kwa hiyo kusugua hakuliondoi. Vanishi ya kufifisha mng'ao inalificha sana, kwenye plastiki nyeusi na nyekundu hasa.

Soma fremu kabla ya gundi. Imechapwa aina ya plastiki: PS (polistairini) inayeyuka na gundi nyembamba ya modeli na kuungana kabisa, PE (polithini), zile bushi laini za kijivu za viungo, haishiki gundi yoyote ya kawaida, usihangaike. Na hapo hapo ndipo unapomkamata bandia: fremu halisi ina jina la Bandai, ya kunakili mara nyingi imefutwa pabaki bapa.

#12 Pwani_Kavu

Nyongeza kwa wenzangu wa Tanga, Mombasa, Unguja na pwani yote, maana maelekezo ya boksi yameandikwa kwa hewa ya Japani.

Vanishi ya kopo: umbali sentimita 20 hadi 30, tabaka nyembamba mbili au tatu, dakika 10 hadi 15 katikati. Anza kupuliza pembeni ya kipande, pita, malizia nje yake. Unyevu ukiwa mkubwa, kipande kinageuka cheupe kama kimepakwa unga. Sababu: kiyeyusho kikipaa kinapoza uso wa plastiki, mvuke wa hewani unaganda juu yake na kunaswa ndani ya vanishi. Usipulize asubuhi na mapema wala usiku, wala mvua ikinukia. Saa sita hadi saa tisa mchana, siku kavu, kivulini. Kopo liwe la vuguvugu kidogo, lisiachwe juani. Likitokea doa jeupe, usikwangue. Ngoja siku kavu, puliza tabaka jepesi la vanishi ile ile ya kung'aa, inayeyusha iliyo chini na unyevu unatoka, kisha rudia ya kufifisha.

Rangi ya kopo ya magari inavutia kwa bei, lakini kiyeyusho chake ni kikali. Jaribu kwenye kipande cha fremu tupu kwanza, ngoja saa moja. Ikikunjamana au kutoa ufa kama utando wa buibui, umeokoa roboti.

Na makopo ya kupuliza ni mzigo wa hatari kwa ndege. Ukiagiza pamoja na kiti, tarajia kifurushi kuzuiwa.

#13 Kisu_Butu

Wino wa mistari (ule wa kukoleza mifereji ya mwili) umepasua goti la Zaku, roboti ya adui kwenye Gundam. Lilikuwa zima jioni, asubuhi vipande viwili. Wino mbovu?

#14 DadaPlaizi

Wino mzima, mahali ndipo pabaya. Wino wa enameli unatembea wenyewe ndani ya mfereji, na ukikutana na kiungo kilichobanwa unanyonywa ndani ya tundu la pini. Plastiki pale imeshavutwa na pini, kiyeyusho kinamalizia kazi. ABS, plastiki nyingine ya viungo, inaathirika zaidi ya PS.

Tia wino kipande kikiwa hakijaunganishwa, au puliza kwanza vanishi ya kung'aa ya laka iwe ngao. Tone dogo, si kuoga. Kwenye magoti na mabega tumia kalamu ya ncha nyembamba ya 0.3 badala ya wino wa kutiririka. Goti lililopasuka: ondoa pini, safisha, ziba kwa gundi nyembamba ukibana kwa saa 24, kisha panua tundu kidogo kwa msasa uliokunjwa ili pini isirudi kubana.

#15 FundiSkrubu

Wale wa midoli ya zamani nao wana magonjwa yao, nayataja haraka.

Zinki kuvimba. Chogokin yenye risasi iliyochanganyika kwenye aloi inaoza kutoka ndani: malengelenge chini ya rangi, kisha nyufa, kisha inamomonyoka. Joto na unyevu vinaharakisha, na haina dawa. Mtenge mgonjwa, wengine waweke pakavu na vifuko vya kunyonya unyevu. Usiwafunge kwenye mfuko wa nailoni ukiwa na hewa ya mvua ndani.

Plastiki ya dhahabu yenye mawimbi ya chembe zinazong'aa, ya mwisho wa miaka ya 1980 na ya 1990: inavunjika kama biskuti kwenye pini. Ukiikuta kwenye kiungo, usigeuze roboti hata mara moja. Iache ilivyo, iwe gari au iwe roboti.

Tairi la PVC laini likilala miaka juu ya plastiki ngumu linaivujia mafuta yake na kuila. Weka karatasi kavu katikati au simamisha gari kwenye ekseli.

Kiungo cha duara (chenye kichwa kama mpira wa kuchezea) kilicholegea: paka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye kichwa cha kiungo, acha *ikauke kabisa*, rudisha. Supaglu inafanya kazi ile ile, ila ukiharakisha umeganda mkono milele.

Kombora halifyatuki kwenye Autobot (kundi la Optimus) la Hasbro? Si bovu. Springi zililegezwa kwa makusudi, baada ya mtoto mmoja Marekani kufa akiwa amekabwa na kombora la mdoli mwingine miaka ya mwisho ya 1970. Toleo la Takara la kalibu ile ile linafyatuka vizuri.

#16 Kisu_Butu

La mwisho, halafu nawaacha. Skrubu ya mgongoni ya Diaclone inateleza, bisibisi ya nyota inapanda juu badala ya kuzungusha.

#17 FundiSkrubu

Acha mara moja kabla hujala kichwa chote. Ile si Phillips, ni nyota ya kipimo cha Kijapani, JIS. Inafanana kwa jicho lakini kona za ndani ni tofauti, na bisibisi ya Phillips imeundwa kujinasua nguvu ikizidi. Tafuta ya JIS, mafundi wa pikipiki za Kijapani wanayo. Ukikosa, saga ncha ya Phillips kidogo sana iwe butu ili ikae hadi chini. Bonyeza kwa nguvu zaidi ya unayozungushia.

Wakati wa kurudisha, weka skrubu kwenye tundu na kwanza izungushe *kinyume* polepole hadi usikie "tak", imeshuka kwenye njia yake ya zamani. Ndipo ukaze. Ukikaza moja kwa moja inajichongea njia mpya, na baada ya mara tatu plastiki haishiki tena.